Nafua shuka kabla baba yake hajaamka

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wenzangu wote wamelala. Nina binti wa miaka minne na miezi mitatu, mtoto wetu wa pekee. Tangu azaliwe ana kishimo kidogo mgongoni, juu ya pale makalio yanapoanza kugawanyika, na ukingoni mwake kuna kishungi cha nywele laini nyeusi. Mkunga aliyempokea alikitazama akasema ni alama tu ya kuzaliwa, nami nikashusha pumzi. Miaka yote hii nakiosha kila jioni, nakijua kama ninavyovijua vidole vyake.

Alitembea kwa wakati wake. Nepi aliziacha akiwa na miaka miwili na nusu, na tangu hapo alikuwa haloweshi hata usiku. Miezi minne iliyopita akaanza tena. Mwanzoni nilidhani ni ndoto mbaya, au maji anayokunywa kabla ya kulala. Sasa ni karibu kila usiku, na mchana nakuta chupi ina unyevu naye hana habari. Choo kimekuwa kigumu, anaweza kukaa siku tatu. La viatu nililigundua kwa bahati. Nilikuwa nasugua tope kwenye soli, nikaona cha kulia kimelika ncha ya mbele mpaka kitambaa kimechomoza, na cha kushoto kiko salama. Nikamwambia atembee peku mbele yangu. Akichoka, vidole vya mguu wa kulia vinagusa chini kabla ya kisigino.

Nilimpeleka kwa daktari. Alimlaza kifudifudi, akakimulika kile kishimo bila kukichokonoa, akalinganisha miguu, akamgonga magoti kwa kinyundo, kisha akaandika: MRI ya uti wa mgongo wote, kwa dawa ya usingizi. Alisema huenda mishipa ya fahamu imenaswa huko chini, na picha ndiyo itakayoonyesha. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi.

Mume wangu aliisoma ile karatasi, akafika kwenye neno "usingizi", akairudisha mezani. "Mtoto anakimbia nyumba nzima, mnataka kumlaza kama maiti mumpige picha?" Shangazi, mdogo wake alilazwa usingizi akiwa na miaka saba ili atolewe mafindofindo, na hakuamka. Mume wangu alikuwa na miaka kumi, amekaa kwenye benchi nje ya mlango ameshika shati la mdogo wake. Habari hiyo amenisimulia mara moja tu tangu tuoane. Mama mkwe naye anasema huyu baba wa mtoto alikojoa kitandani mpaka miaka tisa na leo ni mwanaume mzima.

Na hili lazima niliseme. Mume wangu hajui tatizo limefika wapi. Naamka saa kumi alfajiri, namgeuza mtoto, nambadilisha, nafua shuka na kuzianika kabla baba yake hajaamka. Si mkali, ila siku moja alimwambia "wewe ni mkubwa sasa, unaona aibu?" na mtoto akalia mpaka akapata kwikwi. Sikutaka yarudie. Hata vile viatu niliviweka juu ya kabati, nikamnunulia vingine.

Karatasi ina wiki sita mkobani. Je, nimpeleke kimya kimya, baba yake aje kujua picha ikiwa tayari? Au nisubiri afike miaka sita au saba, aweze kulala mwenyewe kwenye mashine bila usingizi? Mionzi yake nayo haitamdhuru? Na kuna jambo linanichoma peke yangu: vidonge vya asidi ya foliki nilianza kuvimeza mimba ikiwa na miezi mitatu. Ni mimi niliyemfanyia hivi?

Mama wa Mmoja

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita palepale, kwenye zile shuka za saa kumi alfajiri. Nitarudi hapo.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Mtoto ana alama mgongoni tangu kuzaliwa. Alikuwa mkavu zaidi ya mwaka mzima kisha akarudi kulowa, choo kimebadilika, na mguu mmoja umeanza kuburura vidole. Daktari anataka aone ndani. Baba amekataa, na ukiisoma vizuri barua yako mwenyewe utaona alichokikataa ni usingizi, si picha. Nawe umekaa katikati na karatasi mkobani. Uamuzi ni wenu wawili na sitauchukua. Ila kuna mambo umeyapokea kama yalivyo, na mimi ningependa tuyageuze kidogo.

La kwanza ni hili la kwamba mtoto anakimbia, basi ni mzima. Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe wa mishipa ya fahamu unaotoka kwenye ubongo. Kwa kawaida unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo hubaki nyuzi tu. Mtoto anavyokua, mifupa hurefuka haraka kuliko huo ugwe, kwa hiyo ncha yake inatakiwa iwe huru kupanda. Ikiwa imeshikwa na uvimbe wa mafuta, au na uzi mnene, au na kijia kilichotoka kwenye ngozi, basi huvutwa kadiri mtoto anavyorefuka na anavyoinama kucheza. Mishipa ya kibofu, ya choo na ya nyayo ndiyo iliyo chini kabisa. Ndiyo maana mtoto anaweza kushinda wenzake kwa mbio huku kibofu chake kinalalamika.

Mama mkwe anasema kweli kuhusu mwanawe. Lakini mtoto ambaye hajawahi kukauka usiku na mtoto aliyekauka kisha akarudi hawafanani. Na hata kurudi kulowa peke yake si lazima kutoke mgongoni. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya mkojo, au choo kilichojazana kikabana kibofu, na mara chache kisukari. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache, na kama hakijafanyika sioni sababu ya kungoja mtu yeyote akubali. Kilichomfanya daktari aandike MRI, nadhani, ni kule kukutana kwa mambo: mkojo, choo, mguu, na ile alama.

Alama yenyewe nayo inasema kitu. Watoto wengi wachanga wana kishimo ndani ya mkunjo wa makalio. Kikiwa chembamba, chini ya milimita 5, kikawa karibu na njia ya haja kubwa, ndani ya sentimita 2.5 hivi, bila nywele wala uvimbe, kwa kawaida hakina neno. Cha binti yako kiko juu zaidi na kina kishungi. Umeniambia daktari hakukichokonoa. Nawe usikichokonoe, wala usiingize pamba, kwa sababu vishimo vingine vina kijia kinachoshuka mpaka kwenye ugwe, na vijidudu huweza kupita humo vikaleta homa ya uti wa mgongo. Ukiona kinatoa majimaji, au mtoto ana homa na kichwa kinauma na shingo imekakamaa, au mguu umelegea ghafla, au mkojo umegoma kutoka, hapo hakuna kikao cha familia. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mashine. MRI haina mionzi ya eksirei. Inafanya kazi kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, kwa hiyo hofu ya mionzi unaweza kuitua. Usidhani pia kwamba kuna njia nyepesi daktari ameiruka. Ultrasaundi huuona ugwe vizuri katika miezi ya mwanzo, mtoto akiwa mchanga na mifupa ya nyuma ya mgongo bado gegedu. Ikishakomaa, sauti haipenyi. Eksirei itaonyesha pingili iliyoumbwa nusu au mbili zilizoshikana, lakini ugwe hauonekani humo. MRI ndiyo inayoonyesha ugwe umeishia wapi, kama uzi wake wa mwisho umenenepa kupita milimita 2, kama kuna mafuta, kama umegawanyika mara mbili, kama una uwazi wenye maji ndani yake. Na wanaomba mgongo wote kwa sababu kasoro moja ya kuzaliwa hupenda kuja na mwenzake mahali pengine.

Tatizo ni kelele na utulivu. Mashine hugonga kama fundi anayepiga bati, na kazi yote huweza kuchukua nusu saa mpaka saa nzima. Mtoto akijigeuza, picha inachafuka. Usingizi unaombwa kwa ajili ya hilo tu. Hakatwi, hatolewi damu nyingi, hafunguliwi mahali. Hata hivyo sitakuambia ni kitu kidogo, maana kumlaza mtoto usingizi ni kuukabidhi upumuaji wake kwa mtu mwingine, na mtu huyo anatakiwa awe amezoea watoto na awe na vifaa vyao.

Hapa ndipo ninapotaka tumtazame mumeo kwa jicho jingine. Umeandika habari ya mdogo wake kama sababu ya ukaidi. Daktari wa usingizi angeisikia kama taarifa ya kitabibu, tena ya kwanza kabisa kwenye orodha yake. Wapo watu wanaozaliwa na miili isiyopatana na baadhi ya dawa za usingizi: wengine misuli hukakamaa na joto kupanda ghafla, wengine dawa ya kulegeza misuli hukawia mno kuisha wakashindwa kupumua wenyewe. Mambo hayo hurithiwa. Pengine kilichomchukua yule mtoto hakihusiani nayo hata kidogo. Lakini swali "kuna ndugu wa damu aliyepata shida na usingizi?" huulizwa kila mgonjwa, na likijibiwa kweli, daktari huweza kuchagua dawa nyingine au kupima kwanza.

Sasa jiulize: ukimpeleka kimya kimya, nani atalijibu swali hilo? Wewe unaijua habari kwa kusimuliwa mara moja. Aliyekuwa kwenye benchi ni yeye. Pengine anakumbuka kama walisema joto lilipanda, kama ilikuwa kabla ya upasuaji au baada, na mama yake huenda anakumbuka zaidi. Kwenda kwa siri kunaweza kukusaidia upate picha mapema. Hofu yangu kubwa si ugomvi utakaofuata, ingawa nao utakuja. Ni kwamba mtoto ataingia chumba kile bila habari ambayo ingemlinda.

Na zile shuka, mwanangu. Umesema mume wako haoni tatizo. Lakini ameonyeshwa nini? Ameona mtoto anayekimbia, kitanda kikavu na viatu vipya. Ungekuwa wewe umeona hayo matatu tu, ungesaini karatasi ya usingizi? Najua ulificha kwa kumhurumia mtoto, na mama yeyote aliyewahi kumbembeleza mwanawe akapata kwikwi atakuelewa. Ila sasa kila mmoja wenu ameshika nusu ya habari na mwenzake anaamua bila hiyo nusu. Huenda hata lile neno la "unaona aibu?" lisingemtoka kama angejua kwamba mtoto pengine hasikii kabisa mkojo unavyokuja. Mtaongea lini na vipi, wewe ndiye unayemjua. Wengine huongea vizuri wakiwa na kitu mkononi: mwamshe saa kumi asubuhi moja, mgeuzeni mtoto pamoja, kisha mkae nje mkizungumza. Wengine wangeona wametegwa. Mtoto asiwepo tu mnapozungumza, wala asiwe kitu cha kushuhudiwa.

Umeuliza kuhusu kusubiri. Kuna watoto wasio na dalili yoyote ambao madaktari huwafuatilia tu, miezi kwa miezi, na huko si kuzembea. Wa kwako amebadilika ndani ya miezi minne, kwa hiyo kusubiri kwake kuna sura nyingine. Mishipa iliyovutwa muda mrefu haina ahadi ya kurudi kama ilivyokuwa. Wanaofanyiwa upasuaji wa kuufungua ugwe ulionaswa, maumivu hupungua kirahisi zaidi, lakini kibofu kilichozoea kushindwa huwa kigumu kurekebisha. Mkichagua kusubiri, basi mchague mkijua hilo, na mkubaliane na daktari ni dalili gani itawafanya muache kusubiri.

Ipo njia ya katikati: kujaribu akiwa macho. Kwa miaka minne wapo wanaoweza na wapo wasioweza. Mnaweza kucheza naye nyumbani, alale chini ya meza iliyofunikwa shuka, mmoja agonge sufuria na mwingine ahesabu, yeye awe jiwe mpaka mia. Ukimwona anashinda kila mara, mwulize daktari kama watakubali kujaribu hivyo kwanza, pengine kwa picha chache za lazima. Mara nyingi mzazi huruhusiwa kukaa humo ndani amemshika mguu, maadamu hana chuma mwilini. Hatari yake ni picha kuharibika katikati na mtoto kutoka na hofu, kisha usingizi ukahitajika vilevile.

Kuna pia vipimo visivyohitaji usingizi, kama ultrasaundi ya figo na ya kibofu kuona mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Haviuonyeshi ugwe, na vikitoka vizuri visiwalaghai mkasahau mguu. Lakini vinaweza kumpa baba kitu cha kukiona kwa macho yake wakati bado anatafakari.

Na mnaweza kuomba, kabla ya kukubali chochote, kuonana wote wawili na daktari wa usingizi. Kuonana tu, si kupanga tarehe. Mumeo aulize kila kitu. Akiuliza kuhusu ubongo wa mtoto, ni swali la haki. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu usingizi unaorudiwarudiwa au unaozidi masaa 3 kwa watoto wa chini ya miaka 3. Mwaka 2019 utafiti mkubwa uitwao GAS, uliofuatilia watoto waliolazwa usingizi wakiwa wachanga kwa muda usiofika saa moja kwa wastani, haukukuta tofauti ya akili walipofika miaka 5 ukiwalinganisha na wale waliochomwa ganzi tu. Binti yako amevuka umri huo wa tahadhari, na picha ni moja. Mkifika kwenye siku yenyewe, mseme kama ana mafua au kikohozi hata kidogo, na masaa ya kufunga chakula yafuatwe na kila mtu nyumbani, bibi naye ajue, maana tumbo lenye chakula ndilo linaloweza kumpalia akiwa amelala.

Kitu kimoja zaidi nimekisikia katikati ya mistari yako, kwamba picha ni mlango wa kisu. Si lazima. Inaweza kutoka safi, mkarudi kushughulika na choo na kibofu. Inaweza kuonyesha mafuta kidogo kwenye uzi, jambo linaloonekana hata kwa watu wasiougua kamwe, nanyi mkabaki na wasiwasi mpya. Inaweza kuonyesha ugwe umenaswa kweli, na hapo daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu atazungumza nanyi juu ya kuufungua na hatari zake: maji ya uti kuvuja, maambukizi, mshipa kujeruhiwa, ugwe kunasa tena anavyokua. Hayo yana siku yake. Msiyabebe yote kwa mara moja.

Kuhusu asidi ya foliki. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na ugwe hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Jaribio kubwa la mwaka 1991 lililothibitisha kwamba asidi ya foliki inakinga lilihusu mgongo wazi na kasoro za ubongo. Alama kama ya binti yako, ngozi ikiwa imefunika, ni aina nyingine, na sehemu ile ya chini kabisa huumbwa baadaye kidogo kwa namna yake. Hakuna anayeweza kukuambia kwamba vidonge vile vingeizuia. Kama mnafikiria mtoto mwingine, zungumza na daktari kuhusu kuanza kabla ya mimba. Kwa huyu, mwanangu, hukumfanyia kitu.

Vile viatu vya zamani vishushe kutoka juu ya kabati. Usivioshe. Mwonyeshe baba yake kwanza, kisha mvichukue vyote viwili mtakapokwenda kwa daktari, mviweke juu ya meza yake.